Sikukuu ya kwanza mbali na kwetu: maharage hayaivi, msumari hauruhusiwi. Naombeni ushauri

mpangaji_4 (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba ushauri, na wenye utani mnivumilie, maana mwezi huu machozi yako karibu.

Mimi, mwenzangu na watoto wawili tulihama mwanzoni mwa mwaka kufuata kazi. Kwetu ni chini, karibu na bahari. Huku ni milimani, asubuhi ukifungua mdomo unatoa mvuke kama birika. Sikukuu imebakiza wiki mbili, na nauli ya watu wanne kwenda na kurudi hatuna. Hilo tumeshalikubali. Nina matatu yanayonisumbua.

La kwanza ni jikoni. Nilitaka kupika chakula cha mama: wali, maharage ya kuungwa, kuku wa mchuzi. Si chakula cha kifahari, ila ndicho tulichokula kila sikukuu. Nimefanya majaribio mara mbili. Maharage niliyabandika saa nne asubuhi, saa nane mchana bado yanagonga meno. Wali juu mbichi, chini umeshika ukoko mweusi. Na nilifuata maelezo ya mama kama yalivyo: kikombe kimoja na nusu cha maji kwa kila kikombe cha mchele.

La pili ni nyumba. Vyumba viwili vya kupanga, na mwenye nyumba alishasema hataki kuona msumari ukutani wala gundi inayobandua rangi. Sasa nitapambaje?

La tatu sijui hata kama ni swali. Nikikumbuka nyumba yetu asubuhi ya sikukuu, sauti ya ufagio uwanjani, baba juu ya ngazi akigombana na taa ambazo nusu yake haziwaki, nashikwa na kitu kooni. Watoto wananitazama. Niwatengenezee sikukuu kama ile ya kwetu, au niachane nayo?

chaki_nyeupe

Pole mkuu. Kwenye maharage usimlaumu mama wala usijilaumu, umegombana na mlima.

Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Ukipanda juu, hewa inayokandamiza maji inapungua, kwa hiyo yanachemka mapema yakiwa na joto dogo zaidi. Kila mita 300 hivi unapoteza karibu nyuzi 1. Kwenye mita 2,000 maji yanatokota kwenye nyuzi 93 tu. Unayaona yanaruka ndani ya sufuria, unadhani yana moto ule ule wa kwenu, kumbe sivyo. Kuongeza gesi hakusaidii, unaongeza mvuke tu na kumaliza mtungi.

Dawa yake ni sufuria ya presha. Ndani yake joto linafika karibu nyuzi 120. Usipokuwa nayo, ongeza muda na maji, tena bila kukasirika.

kijiko_cha_mbao

Naanzia alipoishia mwalimu. Presha usikope pesa ukanunue, azima kwa jirani. Mtu aliyekuazima sufuria lazima utamjua jina.

Ukiikosa kabisa, fanya hivi. Loweka usiku kucha, kwa muda wa saa 8 mpaka 12, kwenye maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja. Najua wengi tumelelewa tukiambiwa chumvi inakaza maharage. Ya kulowekea haileti shida, kinyume chake inalegeza ganda. Kinachokaza ni uchachu: nyanya, ndimu, siki. Sasa nikuulize, nyanya ulitia lini? Kama uliunga kabla hayajaiva, hapo hata presha ingepata taabu.

Chungulia na ndani ya birika lako. Ukikuta utando mweupe mgumu, maji ya huko yana chokaa, na chokaa nayo inayafanya maharage kuwa mabishi. Tia magadi soda, robo kijiko cha chai kwa sufuria ya familia, usizidishe, utakula sabuni. Halafu kuna maharage yaliyozeeka dukani. Hayo hata uyaombee.

Jambo moja sifanyii utani. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, yachemke kwa nguvu nusu saa nzima ndipo upunguze moto. Usiyatie mabichi kwenye zile sufuria za umeme za kupika polepole. Joto lake dogo haliui ile sumu, na wakati mwingine linaiongeza makali.

Wali wako unakosa mvuke. Mfuniko unacheza? Kama unacheza, tandaza kitambaa safi chini yake, ncha zake uzikunje juu zisikaribie moto. Maji yakianza kuzama shusha moto mpaka wa mwisho kabisa, ukishazima kaa mbali dakika 10. Kufunua funua ndiko kunakoleta juu mbichi.

Kuku mpike siku moja kabla. Mchuzi uliolala una ladha iliyotulia, na wewe siku yenyewe unabaki na wali tu wa kuhangaika nao. Ila usiuache mezani mpaka asubuhi. Umimine kwenye vyombo vipana upoe haraka, ndani ya saa 2 uwe kwenye friji, na kesho yake upashwe mpaka uchemke kabisa. Na kitunguu, tafadhali. Hizo "dakika tano mpaka kiwe rangi ya dhahabu" zinazoandikwa kwenye mapishi ni uongo mtupu. Ni nusu saa, moto mdogo, kijiko mkononi.

kavukavu

Watu wazima tunalilia taa na maharage. Sikukuu ni siku kama siku nyingine. Agizeni chakula, kuleni, laleni, kesho kazini.

bibi_wa_wajukuu

Kavukavu mwanangu, na wewe una lako, ila leo si zamu yako.

fundi_nyaya

Nakuja kwenye mapambo. Kazi yangu ni nyaya, lakini nyumbani kwangu mpambaji ni mimi.

Achana na kuta. Chagua kona moja tu, ile inayoonekana mtu akifungua mlango, uipambe hiyo ipendeze. Nyumba ndogo iliyopambwa kila mahali inafanana na duka linalofungwa. Fimbo ya pazia tayari iko ukutani, mwenye nyumba hawezi kuilalamikia: funga kamba toka upande mmoja hadi mwingine, watoto wakate karatasi, mzibane kwa vibanio vya nguo. Halafu okoteni matawi makavu yenye umbo zuri, myasimamishe kwenye mtungi wenye mchanga au kokoto ili usipinduke. Tawi likivunjwa likatoa utomvu mweupe, liacheni, mengi ya jamii hiyo yanawasha ngozi na ni hatari machoni.

Taa ndiyo siri yenyewe. Nunua za LED zenye mwanga wa manjano, kwenye boksi utaona 2700K. Zile nyeupe za bluu bluu zinaifanya sebule iwe kama chumba cha sindano. Ziweke chini, nyuma ya mtungi, nyuma ya kochi, ndani ya chupa ya kioo, halafu zima taa kubwa ya darini. Utashangaa chumba kile kile.

Nawaomba kitu kimoja: msichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni, msipitishe waya chini ya zulia, na zimeni kabla ya kulala. Kama baba yako atakutumia zile taa zake za zamani za balbu ndogo ndogo, zipokee kwa heshima uziweke kabatini, zile zinapata moto. Mshumaa ukae sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye pazia na karatasi, na usiwake chumba kikiwa hakina mtu mzima.

chaki_nyeupe

Nimerudi kwa lile la tatu, kidogo tu. Mwaka 1688 kijana aliyekuwa akisomea udaktari Basel, Johannes Hofer, aliandika kuhusu ugonjwa wa kupakumbuka nyumbani. Aliunda jina lake kwa maneno mawili ya Kigiriki, la kurudi kwenu na la maumivu, na kati ya wagonjwa waliozungumzwa sana baadaye ni askari wa Uswisi waliokuwa mbali na milima yao. Wao walililia milima, wewe umeikimbilia unalilia bahari. Angalau si wewe peke yako.

bibi_wa_wajukuu

Mwanangu mpangaji, nimekusoma mara mbili.

Mpigie mama yako. Usimwombe maelezo tena, maelezo ameshakupa. Mwambie aweke simu mahali akuone, mpike pamoja, yeye kwake wewe kwako. Na mwambie akuonyeshe hicho kikombe. Mimi nilipikia wakwe zangu uji mzito mwaka mzima kabla ya kugundua kwamba "kikombe" cha mama mkwe ni kopo.

Jingine, ukimaliza kupika toka nje. Tembea dakika kumi na watoto kisha mrudi ndani. Aliyesimama jikoni pua yake imeshaizoea ile harufu, haisikii tena, ndiyo maana mpishi anakula bila hamu. Wewe ulikuwa ukiingia mbio kutoka uwanjani ndipo harufu ikikupokea. Huwezi kuipata ukiwa umesimama juu ya sufuria.

Kuhusu watoto, usiwape sikukuu ya kwenu yote. Ile nyumba hawaijui kama unavyoijua wewe. Kwao ni hapo mlipo, na wakikua watakumbuka hivyo vyumba viwili na wewe ukigombana na maharage. Chukua kitu kimoja tu kutoka kwenu, kingine waache wakibuni wao, hata kama ni kibaya.

mpangaji_4

Wakuu, nimechelewa kurudi, sikukuu imepita. Mrejesho:

Nilimpigia mama. Mchele anapimia kikombe kidogo cha chai. Maji anapimia kile kikombe kikubwa cha bati cha baba. Miaka yote! Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akasema, "Kwani maji unapimia kikombe cha mchele?" kama vile mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Nimepima, kile cha bati kinazidi kile cha chai kwa theluthi moja, yaani ni maji mawili kwa mchele mmoja, na kwa huku juu nikaongeza kidogo.

Presha niliazima ghorofa ya chini. Nyanya nilitia mwishoni. Kijiko_cha_mbao, ulijuaje kwamba nilikuwa natia mwanzoni?

Kona tuliifanya pembeni ya dirisha. Mdogo alikata karatasi kumi na moja, anasema zote ni samaki, nne zina miguu. Ufagio nilitoka nao saa kumi na mbili asubuhi nikafagia korido ya ghorofa nzima. Jirani akafungua mlango akaniuliza kama nimeajiriwa.

Kutembea tulitembea. Tuliporudi, kabla sijafungua mlango, ikanifikia pale pale ngazini. Nilisimama kidogo, mwenzangu akapokea funguo akafungua yeye.

bibi_wa_wajukuu

Alhamdulillahi. Presha ya watu rudisha na kitu ndani.

kavukavu

Ile robo kijiko ya magadi soda ni kwa maharage kiasi gani? Yangu yako jikoni tangu saa tano.