Tupeane uzoefu: Maumivu yanayobaki baada ya kuondolewa mfuko wa nyongo

Mwenye mada, Umoja

Ndugu zangu, hii ni wiki ya tisa tangu nilipoondolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo manne, na bado nina maumivu ambayo sijui niyaite nini. Niliambiwa kwamba baada ya wiki mbili ningerudi kazini, na kweli nilirudi, ila nilirudi nikiwa nayo. Kila ninayemuuliza hunipa jibu moja kati ya mawili: ama hiyo ni kawaida, nishukuru kwamba mawe yametoka, ama nasimuliwa habari za mtu fulani wa mtaa wa pili ambaye hakupona. Majibu yote mawili hayanisaidii, na ndiyo sababu naomba kila mmoja aeleze yaliyompata yeye mwenyewe, si yaliyompata shemeji ya jirani.

Nianze na yangu. Kwa karibu miaka mitatu nilitibiwa vidonda vya tumbo, kama ilivyo desturi ya jiji hili la Nairobi, ambako kila anayejishika juu ya kitovu hupewa dawa ya kupunguza asidi na kuambiwa aache pilipili. Usiku mmoja, baada ya sherehe iliyokuwa na nyama choma kwa wingi, maumivu yalinishika chini ya mbavu za kulia, yakazunguka hadi mgongoni, na nikatapika mpaka alfajiri. Altrasaundi ilionyesha vijiwe. Baada ya upasuaji nilikabidhiwa vijiwe hivyo ndani ya kichupa, vyote 11, kila kimoja kikilingana na punje ya mahindi.

Siku tatu za mwanzo kilichoniuma zaidi hakikuwa tumbo bali bega la kulia, tena uchungu wa kunifanya nishindwe kulala chali. Nilidhani nimeumia nilipokuwa katika usingizi wa nusukaputi. Muuguzi ndiye aliyenieleza kwamba tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili daktari apate nafasi ya kuona na kufanya kazi, na kwamba gesi inayobaki husumbua kiwambo kilicho chini ya mapafu, ambacho mshipa wake wa fahamu una asili moja na mishipa ya bega. Alinihimiza nitembee wodini, na siku ya nne bega likatulia. Laiti ningeambiwa mapema, nisingelia vile.

Vidonda vya matundu vilipona vizuri. Kufikia wiki ya nne nilikuwa nikicheka bila kujishika tumbo. Lakini wiki ya sita ulianza uchungu mwingine, wa kuchoma, kwenye chembe cha moyo, na hupenda kuja usiku. Nimeanza kuuandika katika daftari: saa uliyoanza, nilichokula, na muda uliodumu. Naomba nanyi mtaje aina ya upasuaji mliofanyiwa, wiki mliyofikia, na namna maumivu yenyewe yalivyo, kwa sababu neno "naumwa" peke yake halimwambii mtu kitu.

Jambo moja la pembeni: shangazi yangu, ambaye amechinja kuku maisha yake yote na anajua kwamba nyongo ikipasuka ini haliliki, anaamini kwamba sasa sina nyongo kabisa mwilini na kwamba ndiyo sababu ya maumivu. Sikuwa na la kumjibu.

Mama wa ghorofa ya tano, Pipeline

Pole sana, dada. Mimi pia nilifanyiwa ya matundu, na sasa ni mwezi wa nne. Nilikatazwa kuinua mizigo mizito kwa muda wa wiki sita, lakini nyote mnajua jinsi maji yanavyopatikana huku kwetu. Wiki ya tatu mfereji wa chini ulifunguliwa usiku, watoto walikuwa wamelala, nami nikabeba mtungi wa lita 20 hadi ghorofa ya tano. Lita 20 za maji ni kilo 20. Hesabu hiyo niliifanya baadaye, nikiwa nimelala ubavu. Nilihisi kitu kimeachia pale kitovuni, na baada ya siku chache nikaona kivimbe kama ndimu kinachojitokeza ninapokohoa na kurudi ndani ninapolala. Daktari alisema ni ngiri, na kwamba mara nyingi hutokea kwenye tundu la kitovuni, kwa kuwa ndilo linalotumika sana kuutolea mfuko. Ninasubiri kushonwa. Kwa hiyo nina maumivu, ndiyo, lakini haya yangu yana mahali pake na yana sababu yake, na sababu hiyo ninaijua hadi rangi ya mtungi.

Mwalimu mstaafu, Buruburu

Mwanangu, mwambie shangazi yako kwamba nyongo hutengenezwa na ini, si na ule mfuko. Ini la mtu mzima hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, ilhali mfuko ulikuwa ghala tu la mililita 30 hadi 50, la kuitunza na kuikoleza mpaka chakula chenye mafuta kifike. Ghala likiondolewa, nyongo huendelea kutiririka moja kwa moja hadi kwenye utumbo mwembamba. Nimefundisha baiolojia kwa miaka mingi na bado swali hili hunifurahisha.

Mimi nilikatwa kwa mshono mrefu chini ya mbavu mwaka 1996. Upasuaji wa namna hiyo ulifanywa kwa mara ya kwanza na daktari Mjerumani, Carl Langenbuch, mjini Berlin mwaka 1882, na huu wenu wa matundu ulianzishwa na Mjerumani mwingine, Erich Mühe, mwaka 1985, akadharauliwa kwanza na wenzake. Nilikaa nyumbani wiki sita kabla ya kushika chaki. Mpaka leo ngozi ya upande wa chini wa kovu imekufa ganzi, na baridi ya mwezi wa saba huniletea uchungu wa kuvuta, kana kwamba kuna uzi unaokazwa. Nilielezwa kwamba vijishipa vya fahamu vilivyokatwa ndivyo chanzo. Haujawahi kuongezeka wala kupungua, nami nimekwisha kuuzoea.

Fundi wa magari, Kariobangi

Ninawaomba msome haya yangu kwa makini, hasa wale walioambiwa kwamba mawe yakishatoka yametoka.

Nilifanyiwa ya matundu, nikapona haraka, na wiki ya tatu nikawa chini ya gari. Wiki ya tano maumivu ya zamani yalirudi. Ninasema ya zamani kwa sababu yalikuwa yale yale: chini ya mbavu za kulia, yanapanda kwa nusu saa, yanakaa saa mbili au tatu, kisha yanaondoka kana kwamba hayakuwahi kuwepo. Nilirudi katika hospitali iliyonipasua, ambayo sitaitaja, na kabla sijamaliza sentensi ya pili nikaandikiwa dawa za kutuliza maumivu. Niliambiwa kwamba mtu asiye na mfuko wa nyongo hawezi kuumwa na nyongo. Niliposikia hivyo niliona haya kurudi tena, na kuona haya huko nusura kunigharimu maisha.

Baada ya siku kumi hivi mkojo ulianza kuwa na rangi ya chai ya rangi, choo nacho kikapauka kama udongo wa mfinyanzi, na mwili ukaniwasha usiku kucha bila upele wowote. Mke wangu ndiye aliyeona macho yamekuwa ya manjano tulipokuwa tumesimama juani. Siku iliyofuata nilipata homa na kutetemeka, nikapelekwa hospitali nyingine. Huko walieleza kwamba kijiwe kimoja kilikuwa kimeteleza kutoka kwenye mfuko na kuingia katika mrija mkuu wa nyongo, pengine hata kabla ya upasuaji, kikabaki humo na hatimaye kikauziba.

Sikupasuliwa tena. Baada ya kupewa dawa za kuua bakteria kwa njia ya mshipa, nilifanyiwa utaratibu ambao madaktari huuita ERCP: kamera nyembamba hupitishwa mdomoni, hushuka tumboni hadi pale mrija wa nyongo unapofungukia kwenye utumbo, mlango wake hupanuliwa kwa mkato mdogo, na kijiwe kikavutwa. Nilitahadharishwa kwamba kazi hiyo inaweza kuchokoza kongosho, kwa hiyo walinilaza usiku mmoja wakinichunguza. Siku ya tatu mkojo ulikuwa mweupe. Kichupa changu kina kijiwe kimoja tu, kidogo kuliko harage, na ninakiweka karakana kando ya plagi zilizoungua.

Dada wa Umoja, maumivu yako hayafanani na haya, lakini angalia rangi ya mkojo kila siku.

Karani, Upper Hill

Yangu si maumivu hasa, ingawa huanza na msokoto wa tumbo. Tangu nipasuliwe mwaka jana, kila nikinywa chai ya maziwa na mandazi mawili asubuhi, hunibidi kutafuta choo ndani ya nusu saa, na nusu saa hiyo hunikuta nimekwama ndani ya matatu kwenye Barabara ya Jogoo. Sitaeleza zaidi. Kwa miezi mingi nilifunga hadi saa sita mchana, nikapungua uzito hadi wenzangu wakaanza kuninong'ona.

Hatimaye daktari wa mfumo wa chakula alinieleza kwamba nyongo inayotiririka bila ghala inaweza kufika kwa wingi katika utumbo mpana na kuuchokoza, ndipo mtu huharisha. Alinipa kolestiramini, ambayo ni unga wa kukoroga katika maji, na kazi yake ni kuishika nyongo hiyo. Inafanya kazi. Sharti lake ni kwamba hushika na dawa nyingine pia, kwa hiyo tembe zangu za presha huzimeza angalau saa moja kabla ya unga huo au saa nne na zaidi baada yake. Mandazi nimeyaacha kwa siku za kazi.

Nitapasuliwa wiki ijayo

Nimesoma yote na sasa naogopa. Je, hakuna hata mmoja aliyepona tu? Na chapati huliwa lini?

Mfanyabiashara, Gikomba

Nimo mimi. Matundu manne, nililala hospitalini usiku mmoja, bega liliniuma siku mbili, nikatembea, na siku ya kumi na mbili nilikuwa nimeketi kibandani, ingawa marobota yalibebwa na vijana. Sikuchangia mapema kwa sababu sina la kusimulia, na nadhani wengi waliopona wamenyamaza kwa sababu hiyo hiyo.

Muuguzi, Eastleigh

Naongeza machache. Dada unayesubiri, jifunze kukumbatia mto tumboni unapokohoa na unapoinuka kitandani. Geuka kwanza kwa ubavu, kisha jisukume kwa mkono. Tramadol, dawa kali ya kutuliza maumivu, na dawa za jamii yake hufunga choo, na kukaza choo kwenye mshono mpya ni adhabu, kwa hiyo kunywa maji na ule papai. Mtu yeyote mwenye homa, maumivu yanayozidi siku baada ya siku, macho ya manjano, kutapika kusikokoma au jeraha linalotoa usaha asingoje tarehe ya kliniki. Arudi siku hiyo hiyo, na akipuuzwa aende kwingine kama alivyofanya fundi. Na wewe mwenye mada, nina swali: ni dawa gani ya maumivu umekuwa ukimeza tangu upasuaji, na unaimeza ukiwa umekula?

Mwenye mada, Umoja

Nimerudi baada ya wiki tatu, na naomba radhi kwa kukaa kimya. Swali la muuguzi lilinishtua, kwa kuwa nilikuwa nikimeza ibuprofeni, dawa ya maumivu inayoweza kuchokoza tumbo, karibu kila siku, mara nyingi tumbo likiwa tupu, nikidhani ninatibu kidonda cha upasuaji.

Nilikwenda kliniki na daftari. Mara ya kwanza niliposema "bado naumwa" nilikuwa nimepewa dakika tano; safari hii daktari alisoma kurasa zote, akanionyesha jambo ambalo nililiandika mwenyewe bila kuliona: uchungu huja kati ya saa saba na saa kumi usiku, na hupungua nikinywa maziwa au nikila mkate. Vipimo vya ini vilikuwa sawa na mrija wa nyongo haukuwa umepanuka. Kamera ya mdomoni ilionyesha kidonda tumboni, pamoja na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Kwa hiyo miaka ile mitatu nilitibiwa vidonda vya tumbo huku nikiwa na mawe, na mawe yalipotoka, vidonda navyo vikawa vya kweli. Nilicheka mbele ya daktari, naye hakujua anicheke au anihurumie.

Ibuprofeni nimeiacha. Ninatumia dawa za kuua bakteria pamoja na ya kupunguza asidi kwa siku 14, na leo ni ya tisa. Shangazi nimemweleza habari ya ini, akasema mwalimu huyo apewe kuku.

Anayeuliza kuhusu chapati: nilianza na nusu, wiki ya tatu, isiyo na mafuta mengi, na haikunidhuru. Kwa siku nne mfululizo nilikuwa nimeandika katika daftari "hakuna", ila jana nimeandika "kidogo, saa tisa". Dawa zikiisha nitawaeleza.