Nianzie wapi kumkumbuka Mzee Sir Doug Nicholls: uwanjani au nyumbani?

SWALI

Ndugu zangu, salamu. Ninaishi Melbourne na watoto wangu wawili wanacheza mpira wa Kiaustralia, ule wa umbo la yai, katika timu ya watoto ya mtaa wetu. Kila mwaka, kuelekea mwisho wa Mei, ligi kuu ya AFL huwa na raundi inayoitwa kwa jina la Sir Doug Nicholls, na klabu zote huingia uwanjani zikiwa na jezi zilizochorwa na wasanii wa Wenyeji wa Asili. Mwaka huu wazazi wenzangu tunaozungumza Kiswahili wameniomba niwaeleze, kwa muda wa robo saa na watoto wakiwepo, mzee huyu alikuwa nani.

Mambo makubwa ninayajua. Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika kituo cha Cummeragunja, akiwa mtu wa taifa la Yorta Yorta, alichezea klabu ya Fitzroy kuanzia 1932 hadi 1937, akawa mchungaji, mwaka 1972 akawa Mwaborijini, yaani Mwenyeji wa Asili wa Australia, wa kwanza kupewa cheo cha Sir, na mwaka 1976 akawa gavana wa jimbo la South Australia. Hata hivyo, kila ninapoketi kuandika, maelezo yangu yanapasuka vipande viwili visivyojuana. Upande mmoja yupo mwanariadha, upande wa pili yupo baba na mzee wa jamii, na kati yao hakuna daraja. Nianze na upande upi? Je, ni adabu kumtaja kwa jina na kuonyesha picha yake, ilhali nimesikia kwamba baadhi ya Wenyeji wa Asili hawataji majina ya marehemu? Tena, niwaambie watoto jinsi alivyodharauliwa katika klabu ya Carlton, au niliache jambo hilo?

JIBU LA KWANZA

Dada, shikamoo kama umenizidi umri. Nimeishi kaskazini mwa Victoria kwa miaka kadhaa, karibu na mto Murray, na ushauri wangu ni kwamba usianze na uwanja wala na ikulu ya gavana. Anza na dada yake.

Cummeragunja iko upande wa New South Wales, ng'ambo ya mto kutoka mji mdogo wa Barmah. Ilikuwa makazi ya Waaborijini yaliyosimamiwa na serikali, na msimamizi ndiye aliyeamua nani aingie na nani atoke. Doug alikuwa kitinda mimba wa Herbert na Florence Nicholls. Alipokuwa na umri wa miaka minane, polisi walifika wakamchukua kwa nguvu dada yake Hilda, aliyekuwa na umri wa miaka 16, wakampeleka katika nyumba ya mafunzo ya Cootamundra, ambako wasichana wa Kiaborijini walifundishwa utumishi wa ndani ili wakafanye kazi katika nyumba za Wazungu. Mtoto wa miaka minane aliyaona hayo kwa macho yake. Sheria za wakati ule ziliwapa wakuu wa serikali uwezo wa kuwatenga watoto na wazazi wao, na waliochukuliwa kwa namna hiyo katika miongo mingi ya karne ya 20 ndio ambao leo Australia inawaita Vizazi Vilivyoibwa.

Ukianzia hapo, wasikilizaji wako wataelewa kwa nini mtu huyu alishikilia familia kwa mikono miwili maisha yake yote. Kwake familia haikuwa kitu kilichopatikana bure, kwa kuwa alikwisha kuona jinsi inavyoweza kuvunjwa mchana kweupe na mtu mwenye hati ya serikali mkononi.

Mpira nao ulianzia mahali hapo hapo. Vijana wa Cummeragunja walikuwa wachezaji na wakimbiaji hodari, na uwanja ulikuwa miongoni mwa sehemu chache ambapo msimamizi hakuwa na la kuwaamuru. Doug alisoma shule ya kituo kwa miaka michache tu, kisha akiwa kijana mdogo akaenda kufanya kazi katika mashamba ya kondoo. Alikuwa mfupi, kama sentimita 158, lakini mwenye kasi ya ajabu. Mwaka 1929 alishinda mbio za kulipwa za Nyah na za Warracknabeal, na zawadi za mbio kama hizo zilikuwa fedha ya kweli kwa mtu asiye na kazi ya kudumu. Hilo ndilo daraja unalolitafuta, dada yangu: kukimbia kulikuwa njia ya kuleta chakula nyumbani, tangu mwanzo kabisa.

JIBU LA PILI

Nitajibu lile la jina na picha tu, kwa sababu ni jambo ambalo mgeni anaweza kukosea bila kukusudia.

Ni kweli kwamba katika jamii nyingi za Waaborijini na za watu wa visiwa vya Torres Strait jina la marehemu huachwa kutajwa, na picha yake huachwa kuonyeshwa, kwa kipindi ambacho familia yenyewe ndiyo inayokiamua. Ndiyo maana vipindi vya televisheni na maonyesho ya makumbusho ya huko hutanguliwa na onyo kwamba ndani yake mna sauti au sura za watu waliokwisha kufariki. Desturi hiyo haifanani kila mahali, hivyo kanuni iliyo salama ni kufuata familia inavyofanya. Kwa Sir Doug, jina lake limewekwa hadharani kwa miaka mingi, liko kwenye raundi ya ligi tangu 2016, liko kwenye kitongoji cha Nicholls huko Canberra, na sanamu yake pamoja na mkewe imesimama katika bustani iliyo karibu na Bunge la Victoria. Unaweza kumtaja na kumwonyesha bila wasiwasi, ila toa lile onyo fupi kwanza, kwa heshima ya yeyote atakayekuwepo.

Kuhusu namna ya kumwita, huko wazee wanaoheshimiwa huitwa kwa majina ya ujamaa, mjomba au shangazi, hata na watu wasio na damu moja nao. Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa hilo kwa kirefu. Mwite Mzee Doug, na wasikilizaji watakuelewa.

JIBU LA TATU

Mimi ni mkufunzi wa vijana, basi niruhusuni nizungumzie uwanja, na hasa suala la Carlton, kwa sababu naona kuna hatari ya kuliondoa kwa kuwahurumia watoto.

Liseme. Watoto wanaocheza mpira wanajua vizuri zaidi kuliko sisi maana ya kutengwa katika chumba cha kubadilishia nguo. Doug alikwenda Carlton kufanya majaribio katika miaka ya 1920, na huko alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Wakandaji wa timu hawakutaka hata kumkanda misuli. Aliondoka akaenda Northcote, iliyocheza katika chama cha mpira cha Victoria, daraja lililokuwa chini ya ligi kuu. Huko akawa winga ambaye watu walifunga safari kwenda kumtazama, na mwaka 1929 Northcote ilitwaa ubingwa akiwemo kikosini.

Alipohamia Fitzroy mwaka 1932 alikuwa na uzoefu huo moyoni. Inasimuliwa kwamba alikaa peke yake pembeni mwa chumba, na Haydn Bunton, nyota mkubwa wa klabu, ambaye alipata mara tatu medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa ligi, akaja akakaa karibu naye na kubadilisha nguo zake hapo hapo. Nakuomba usipite haraka kwenye tukio hilo. Bunton hakutoa hotuba. Alisogeza begi lake. Mtoto wa miaka kumi anaweza kulifanya jambo hilo Jumamosi ijayo, ilhali hawezi kuwa gavana Jumamosi ijayo. Doug aliichezea Fitzroy mechi 54, na mwaka 1935 akawa Mwaborijini wa kwanza kuteuliwa katika kikosi cha jimbo la Victoria.

Niongeze kwamba ile ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na mpira haukumpa mtu riziki ya mwaka mzima. Msimu ulipokwisha alikimbia mbio za kulipwa, na alipata pia kupigana ndondi katika hema la Jimmy Sharman, aliyezunguka na mabondia wake kwenye maonyesho ya kilimo. Baadaye magoti yalimsaliti, akarudi Northcote, akamaliza kucheza, kisha akaajiriwa kuwa mtunza uwanja wa klabu hiyo hiyo. Winga aliyeshangiliwa akikata nyasi za uwanja wake wa zamani: wengine wataona ni kushuka. Mimi naona ni mtu aliyejua kwamba nyumba yake inahitaji mshahara, na aliyeupenda uwanja kiasi cha kuutunza hata baada ya miguu kukataa kuukimbia.

MUULIZAJI

Nawashukuru sana. Nimekwisha kufuta mwanzo wangu wa zamani na nimeanza upya na Hilda. Limebaki jambo moja linalonitia mashaka. Nimesoma kwamba mkewe, Bibi Gladys, alikuwa kwanza mke wa kaka yake. Nikilisema hilo mbele ya wasikilizaji wetu, najua wengine watafikiria mara moja habari ya kurithi mjane, na sitaki nimvalishe nguo zetu mtu ambaye si wa kwetu.

JIBU LA NNE

Dada, umeona vyema, nami ningekushauri useme yaliyotokea kama yalivyotokea na uishie hapo. Kaka yake, Howard, alifariki mwaka 1942 kutokana na ajali ya gari, akamwacha Gladys na watoto. Desemba ya mwaka huo huo Doug na Gladys walifunga ndoa, wakawalea watoto wa Howard pamoja na wale waliowazaa wao, na wakaishi pamoja mpaka Gladys alipofariki mwaka 1981. Mtu akiuliza kama ni desturi, jibu kwamba ni maisha ya watu wawili waliofiwa na mtu mmoja.

Ila ningependa umpe Gladys nafasi kubwa kuliko hiyo, kwa sababu masimulizi mengi humtaja kama kivuli cha mumewe, na hilo si haki. Ili kumwelewa, rudi nyuma kidogo. Februari 1939 watu zaidi ya 150 wa Cummeragunja, waliochoshwa na utawala wa msimamizi na hali mbaya ya maisha, walifunga virago, wakavuka mto Murray na kuingia Victoria. Wengi wao walibaki upande huo, na baadhi wakaishia Fitzroy, mtaa wa wafanyakazi jijini Melbourne, wakiwa hawana nyumba wala kazi ya uhakika. Doug alikuwa ameingia jeshini mwaka 1941, lakini mwaka uliofuata aliachiliwa kwa ombi la polisi wa Fitzroy ili akawahudumie watu wake hao. Akafungua ibada katika mtaa wa Gore huko Fitzroy, na akawa mchungaji wa Makanisa ya Kristo. Wasichana waliotoka vijijini kutafuta kazi mjini walihitaji mahali pa kulala, na Gladys ndiye aliyesimamia hosteli yao huko Northcote. Fedha za kuendeshea huduma zilipohitajika, yeye na wanawake wenzake waliuza nguo katika maduka ya mitumba. Mjue kwamba familia ya Nicholls haikuishia kwenye watoto wao wa kuzaa. Mwaka 1962 Doug alipochaguliwa Baba wa Mwaka wa Victoria, heshima hiyo ilikuwa na jasho la Gladys ndani yake.

Siasa nayo ilitoka katika ukoo. William Cooper, aliyeanzisha Umoja wa Waaborijini wa Australia, alikuwa mzee wa ukoo wake kwa upande wa mama, na Doug alikuwa miongoni mwa waliozungumza Sydney tarehe 26 Januari 1938, Siku ya Maombolezo, wakati Wazungu walipokuwa wakisherehekea miaka 150 ya kufika kwao. Umaarufu wa mpira ulimfaa sana hapo, kwa kuwa watu waliokuja kumwona winga wa Fitzroy walijikuta wakimsikiliza mtu aliyedai haki za ndugu zake. Kura ya maoni ya tarehe 27 Mei 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura waliunga mkono kubadilisha katiba ili Waaborijini wahesabiwe katika sensa na bunge la taifa liweze kuwatungia sheria, ilikuwa tunda la kampeni za watu wengi, naye alikuwa mmoja wao. Raundi ya jina lake huchezwa karibu na tarehe hiyo.

Habari ya ugavana ningeipitia kwa haraka. Aliapishwa Desemba 1976, akapatwa na kiharusi mapema mwaka uliofuata, na akaondoka madarakani Aprili 1977. Ni heshima kubwa, lakini ilikuwa miezi michache katika maisha ya miaka 81.

Alifariki tarehe 4 Juni 1988 akazikwa kwa mazishi ya kitaifa, na mwili wake ukalazwa Cummeragunja, katika ardhi ambayo miaka minne kabla ilikuwa imekabidhiwa rasmi kwa baraza la ardhi la Wayorta Yorta. Kama una ramani, waonyeshe watoto mto Murray na mji wa Barmah, kisha usogeze kidole ng'ambo ya mto, mahali Hilda alipochukuliwa na mahali kaka yake mdogo alipolala.