Karavani ya Mikindani inakata umeme

Shikamoo Mjomba. Ile karavani uliyotuletea kutoka Uingereza, ambayo tumeiegesha chini ya mwembe hapa Mikindani wakati ujenzi wa nyumba ukiendelea, inakata umeme tangu mvua za wiki iliyopita. Tukichomeka tu waya, swichi yenye kitufe cha kujaribia huanguka papo hapo. Fundi wa mtaani anashauri aunge waya moja kwa moja bila kupitia swichi hiyo. Tumruhusu?

Marahaba mpwa wangu. Msimruhusu hata kwa usiku mmoja. Swichi hiyo, yaani RCD, hulinganisha umeme unaoingia kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro, na tofauti ikifikia miliampea 30 hukata mara moja, kwa sababu tofauti hiyo ina maana kwamba umeme unapita mahali pengine. Katika karavani, mahali hapo ni bodi ya bati na fremu ya chuma, na kwa kuwa imesimama juu ya matairi ya mpira, waya wa erthi ukiwa mbovu umeme huo hukaa tu kwenye bodi ukimsubiri mtoto aliye pekupeku kwenye mchanga uliolowa ashike kitasa cha mlango.

Anzeni kwa kuchomoa plagi ndani ya nyumba, si kuzima swichi tu, kisha mfungue kifuniko cha plagi ya bluu ya ampea 16 iliyo ubavuni mwa karavani. Hewa ya bahari hapo Mikindani hula shaba haraka. Mkiona maji au kutu ya kijani kwenye pini, huenda mmeshapata mwizi wenu. Angalieni pia waya mrefu wa nje kama umechubuka.

Pakiwa pakavu na safi, chomoeni kila kifaa ndani. Hapa ndipo mafundi wengi hupotea: huzima breka moja moja, na RCD ikiendelea kuanguka husema RCD yenyewe ni mbovu. Breka nyingi za karavani za zamani hukata waya wa moto peke yake, nyutro ikabaki imeunganishwa, kwa hiyo kifaa ambacho nyutro yake inagusa erthi huweza kuiangusha RCD hata breka yake ikiwa imezimwa. Ni lazima kifaa kitoke kabisa. Ninaloshuku zaidi ni koili ya kupashia maji, kwani ikikaa muda mrefu bila kutumika hunyonya unyevu na kuanza kuvujisha, na baada yake friji, ambayo kwa bahati nzuri inaweza kuendelea kwa gesi wakati mkichunguza. Vifaa vilivyofungwa moja kwa moja bila plagi avitenganishe fundi, umeme ukiwa umechomolewa.

Kisha rudisheni umeme. RCD ikikaa bila kuanguka vyote vikiwa vimechomolewa, rudisheni kimoja kimoja hadi ianguke tena. Ikianguka hata karavani ikiwa tupu, tatizo limo kwenye nyaya, na hapo mtafuteni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime jinsi maganda ya nyaya yanavyozuia umeme kuvuja, kwa kipimo cha volti 500 baada ya kutenga chaja ya betri. Asikubali chini ya megaohm 1.

Apime pia erthi, kutoka pini ya erthi ya plagi ya bluu hadi kwenye fremu ya chuma. Multimita, yaani kipimo cha umeme cha mkononi, ikipima ukinzani isome karibu na sifuri. Kile kitufe cha kujaribia hakithibitishi jambo hili, kwani hujaribu swichi yenyewe tu. Na fimbo ya erthi ya nyumba imezikwa kwenye mchanga, ambao ukikauka haupitishi umeme vizuri, hivyo umeme unaovuja huwa mdogo mno kuiangusha breka ya kawaida, ndiyo maana siwezi kuitegemea iwalinde.

Leo usiku tumieni taa za betri ya volti 12. Nitumie picha ya ndani ya plagi ya bluu kabla hamjaifunga.