Mavyaa asema simlishi na mimi ndo nampikia, nifanyeje jamani?

MkazaMwana_Kisauni
Assalam aleikum wote. Naandika saa hizi wazee washalala na watoto pia, ndo nafasi yangu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu.

Twakaa Kisauni, vyumba viwili na ukumbi, watoto watatu. Mwaka jana bavyaa alipigwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukalala, tukamtoa Msambweni yeye na mavyaa tukawaleta hapa maana kule walikuwa wamebaki wawili peke yao. Nlikubali kwa moyo mmoja wallahi. Watoto wakahamia ukumbini, wazee wakapewa chumba cha karibu na choo. Mume wangu ni dereva wa trela, apakia bandarini aenda mpaka Kampala, akitoka ni siku kumi au zaidi. Kwa hivyo nyumba ni mimi.

Bavyaa hana neno. Kumwosha ndo mtihani, mwanawe akiwa safarini huja kijana wa jirani nampa mia mbili, basi yaenda.

Shida ni mavyaa. Tangu Ramadhani kuisha amegeuka. Juzi amekula wali wa nazi na mchuzi wa samaki, sahani nimeiondoa kwa mkono wangu huu, haikupita nusu saa jirani kabisha hodi, mavyaa akamwambia tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Jirani akaniangalia tu. Halafu pesa zake za Inua Jamii, zile elfu mbili serikali huwapa wazee kila mwezi, ilikuwa imeingia ya miezi miwili elfu nne, akasema nimeiba. Nkatafuta nyumba nzima naharisha kwa hofu. Siku ya tatu nazikuta ndani ya kopo la mchele, zimefungwa kwa kipande cha leso, fundo lake yeye maana yeye hufunga mara tatu. Nlipomuonyesha akasema nimezirudisha kwa kuwa nimeshikwa.

Wifi yangu wa Likoni katuma sauti kwa grupu la WhatsApp la familia, eti mamake ateswa na mke wa ndugu yake. Yule wa Saudia akaitikia. Sijajibu, nlilia mpaka nkalala. Nimwambie mume wangu awarudishe? Tuwapangie chumba karibu? Au ninyamaze tu?

BintiMvita
Pole sana shoga. Mimi ningemrekodi video akila nkaitia kwa grupu hilo hilo, wanyamaze wote.

Mama_Swabra
@BintiMvita hapana, usimrekodi mtu mzima na tonge mdomoni ukamtandaza kwenye simu za watu. Akiwa mamako utapenda?

MzeeWaBaraza
Wazee ni baraka mwanangu, vumilia, nawe utazeeka.

NesiMstaafu
Dadangu nimefanya kazi wodini miaka mingi, hebu nisikize. Hayo uliyoandika mimi sioni chuki, naona kichwa kinachopoteza njia. Mtu anayekusudia kukusingizia hafichi pesa zake kwenye mchele. Kwake yeye kweli hajala, kile chakula hakimo tena kichwani.

Ila usikimbilie kusema ni uzee, kwa sababu umesema amebadilika ghafla. Mzee akibadilika kwa wiki chache kuna vitu vya kuangalia kwanza. Mkojo upimwe, maambukizi ya mkojo kwa mzee yaweza kumchanganya kabisa bila hata kusikia maumivu. Sukari ipimwe. Maji anakunywa? Wazee kiu hawaisikii vizuri, na joto letu hili mwajua. Dawa zote azimezazo zitie kwa mfuko uende nazo, na kama yuko kwa metformin, ile dawa ya sukari, miaka mingi waulize habari ya vitamini B12, ile dawa huipunguza na ikishuka sana kumbukumbu nayo huguswa. Masikio na macho pia, mwenye mtoto wa jicho na asiyesikia vizuri huona watu wote wamnong'onia.

Na usibishane naye. Akisema hajala usimwambie "umekula mama", utakuwa wamwita muongo. Mwambie haya mama chaja, mpe nusu hamri na chai au uji kikombe kidogo. Ile sahani ya kwanza usiiondoe haraka, iache aione.

SHA, bima ya afya ya serikali, wamesajiliwa? Tangu ichukue mahali pa NHIF Oktoba 2024 kila mtu mzima hujisajili kwa kitambulisho chake, hawaingii chini ya mwana wao kama watoto wadogo. Piga *147# uangalie.

Abu_Twalib
Mzee wa Baraza samahani kwa heshima yako, hiyo vumilia huambiwa mwanamke peke yake siku zote. Kwa dini wajibu wa wazazi uko kwa watoto wao wa kuwazaa. Mkaza mwana akihudumia ni ihsani yake, ana thawabu zake, lakini si deni lake. Dada mwambie mumeo aitishe kikao akirudi, ndugu wote wawepo, wa Saudia awe kwa simu. Wa Likoni ni feri tu, aje alale siku mbili kila wiki. Wa Saudia alipe yule kijana wa kumwosha mzee aje kila siku. Na mumeo ndo azungumze, wewe usiseme neno, ukisema wewe itakuwa umewachoka.

Kuwarudisha Msambweni mzee hajiwezi na bibi ndo huyo asahau, moto atauacha jikoni. Hilo toa.

Mama_Swabra
Naongeza moja. Mavyaa wangu, Mungu amrehemu, tulikaa naye Majengo na alianza hivi hivi. Siku moja alfajiri sote tumelala akavaa buibui lake akatoka. Tulimpata feri amesimama na watu wa kuvuka ataka kwenda kwao, na kwao kwenyewe nyumba ilishauzwa. Tangu hapo nlimshonea nambari ya simu ndani ya buibui, nkaweka komeo juu kabisa ya mlango asipofikia, na vijana wa boda wa pale njiani wote nliwaambia mkimuona bibi huyu mrudisheni kwangu. Wako pia kwao ni ng'ambo, ndo maana nakwambia mapema.

MkazaMwana_Kisauni
Nimerudi baada ya wiki mbili, shukrani sana wallahi. Tulimpeleka kliniki, mkojo umepatikana na maambukizi, amemaliza dawa na kelele za usiku zimepungua. Lakini kusahau kumebaki, wametupa tarehe nyengine ya kuangaliwa kichwa vizuri.

Kikao kilifanyika. Wifi wa Likoni alikuja Ijumaa na uso umekunjwa, mimi nkamwachia jiko. Jumamosi mchana akampikia mamake mwenyewe, akamlisha mwenyewe, mie niko nje nafua. Dhuhuri ikiadhiniwa nkamsikia mavyaa amwambia bavyaa, "Huyu msichana aliyekuja ana roho mbaya, kaninyima chakula." Amsema binti yake wa kumzaa. Wifi akatoka uani akakaa kwenye ndoo hakusema kitu, kisha akashika upande wa pili wa shuka tukakamua sote wawili.

Ile sauti ya kwenye grupu amefuta. Komeo nimeweka, nambari nimeshona jana.

Ngojeni, aniita. Ataka uji.