MREJESHO: Picha za tovuti yangu sasa zinaonekana

Wakuu, niliuliza kwa nini tovuti yangu ya kwanza, ya nguo za kitenge anazoshona mama, inaonyesha picha kwenye kompyuta yangu, ila nikiipandisha mtandaoni nakuta visanduku vitupu. Aliyeniambia nikague majina ya mafaili, Mungu akubariki sana. Faili liliitwa Gauni1.JPG, kwenye HTML (msimbo unaounda ukurasa) nikaandika gauni1.jpg. Windows haijali herufi kubwa na ndogo. Seva ya Linux (kompyuta inayohifadhi tovuti mtandaoni) inajali, kwake hayo ni mafaili mawili tofauti. Nimebadilisha majina yote 14 kuwa herufi ndogo. Jana mama kafungua kwenye simu yake, akakuza gauni la njano: "Hili si lile la harusi ya dada yako?" Sasa nahangaika na CSS (msimbo wa kupanga mwonekano wa ukurasa), menyu inakatika kwenye simu.