Concarneau (Ufaransa): kwenda na kurudi siku moja toka Nantes inawezekana?

Kijana_wa_Kilindini: Wakuu habari zenu. Niko Nantes kwa dada mpaka mwisho wa Agosti, nataka nikaone bandari ya wavuvi Concarneau kule Bretagne, picha zake mtandaoni ni balaa, ngome katikati ya maji. Sasa shemeji ananivunja moyo, eti pale ni aiskrimu na watalii tu, wavuvi waliisha zamani. Aliyefika anijuze. Gari sina.

MamaZuu: Kwa mchana wa Agosti shemeji yako hajadanganya sana 😂 Ile ngome ndo Ville Close, kisiwa kidogo kimezungushiwa ukuta, Vauban, yule mhandisi wa ngome wa Ufaransa, aliuimarisha karne ya 17, unavuka daraja tu unaingia bure. We fika kabla ya saa nne asubuhi bado kumetulia. Humo ndani kuna Musée de la Pêche, makumbusho ya uvuvi, usiiruke, na meli yao Hémérica imefungwa hapo hapo pembeni. Treni haifiki Concarneau, unashuka Rosporden au Quimper unadaka basi, ila basi la kurudi liangalie kabla hujatoka nyumbani maana ukilikosa utalala huko.

mzee_wa_jahazi: Wavuvi wapo bwana, ni watu hawatoki nje ya ukuta tu. Vuka upande wa mnada wa samaki uone meli zenyewe. Na mji ule una habari na sisi, meli za jodari za makampuni ya Concarneau zilianzia Dakar na Abidjan, miaka ya 80 zikahamia Bahari ya Hindi, kituo kikawa Victoria, Shelisheli, kwa hiyo usishangae mzee wa pale anaijua Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, kuliko wewe. Kabla ya jodari walikuwa watu wa sadini, mwaka 1902 sadini wakapotea, viwanda vya makopo vikakosa kazi, njaa ikaingia majumbani. 1905 ikaanzishwa sherehe ya Filets Bleus kuzichangia familia za wavuvi, na mpaka leo inafanyika Agosti, cheki tarehe huenda ikakuangukia.

Kijana_wa_Kilindini: Shukrani sana wazee wangu. Na msosi je, mie nguruwe hapana.

MamaZuu: Galette, zile chapati zao nyembamba, nyingi zinakuja na jambon (nyama ya nguruwe) ndani, we sema "sans jambon" watakutolea, au agiza ya sadini. Na kile kinywaji cha tufaha wanachokunywa kwenye vikombe kama vya chai ni pombe, usije ukajimiminia ukidhani juisi.