Baba ana Parkinson, kuna kliniki ya seli shina: niendelee?

Kitindamimba: Wakuu, shikamooni. Mzee wetu, levodopa (dawa yake ya Parkinson) inamwishia nguvu kabla ya saa ya dozi nyingine. Kuna kliniki nje ya nchi inageuza ngozi ya mgonjwa kuwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kukua kuwa aina nyingine. Ni kweli inawezekana?

Darubini: Marahaba. Inawezekana. Mwaka 2006 mwanasayansi Yamanaka wa Kyoto, Japani, aliingiza jeni nne (Oct4, Sox2, Klf4, c-Myc) kwenye seli za ngozi ya panya, zikarudi kuwa seli shina kama za kiinitete (mimba changa). Za binadamu, 2007. Jaribio la Parkinson huko Kyoto lilianza 2018: wagonjwa saba, seli za mtoaji mwenye afya, zikapandikizwa ndani kabisa ya ubongo pande zote mbili, na takrolimasi ili mwili usizikatae.

Mboni: Jicho ndilo lilitangulia. Kobe, hukohuko Japani, 2014, mgonjwa alipandikizwa utando wa retina (sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga) uliotoka kwenye ngozi yake. Wa pili alisitishwa, seli zake zilikutwa na mabadiliko ya jeni. Hapo ndipo pa kuogopa: c-Myc huchochea saratani, na seli chache zisizokomaa zikibaki huota teratoma, uvimbe wenye tishu mchanganyiko.

Darubini: Kitindamimba, wanadunga wapi, na baada ya muda gani?

Kitindamimba: Mshipa wa mkono. Ngozi Jumatatu, sindano Ijumaa. Nusu ya hela nimeshalipa. Ila daktari wao ana vyeti, na mzee mwenyewe anataka.

Kamusi Hai: Siku nne? Uzi huu umetungwa. Makundi ya kwanza ya seli hizo huchukua wiki tatu hadi nne kuonekana, kuzielekeza ziwe za dopamini (kemikali ya ubongo inayopungua kwenye Parkinson) ni wiki nyingine kadhaa, halafu miezi ya vipimo.

Kitindamimba: Sijatunga, mkuu. Karatasi yao ninayo.

Darubini: Basi kilichotungwa ni hiyo karatasi. Seli za kupitia mshipani nyingi hunasa kwenye mapafu, ubongoni hazifiki. Dai kwa maandishi ripoti ya kromosomu (inayoonyesha kama jeni za seli zimeharibika) na asilimia ya seli zisizokomaa. Wakishindwa, dai hela yako. Na dawa, mzee anameza saa ngapi?

Kitindamimba: Saa mbili asubuhi, pamoja na uji na mayai.

Mboni: Protini ya mayai inagombea njia na levodopa. Ameze dakika 30 kabla ya kula, mayai yahamie jioni. Andikeni wiki nzima saa ambayo dawa inaisha nguvu, mpelekeeni daktari wa mishipa ya fahamu apange dozi upya.